Swali la Tisa

"Umewahi kupimwa mlango wa kizazi?"
Nimeliuliza mara mia na kumi na nne
kutoka sokoni Ahero hadi huku Kochogo,
ambako matope ya mto Nyando yangali yameshika kuta.
Jibu ni tiki moja: ndiyo, la, sikumbuki.
Hakuna kisanduku cha
"inategemea nani yuko sebuleni."

Wilkista alisema ndiyo
akitazama viatu vya mama mkwe pale kizingitini.
Aliponisindikiza hadi kwenye ua wa minyaa
akanong'ona: ile futa.
Kalamu za utafiti hazifutiki.

Dorsila alisema ndiyo, mara tatu,
akanihesabia kwa majina ya wanawe.
Alimaanisha siku za uchungu,
mkono wa mkunga ukipima njia.
Nani wa kumlaumu?
Ni sisi tuliomwambia "lala, nikuangalie",
maneno yaleyale kila safari,
tusirudi kumwambia tuliangalia nini.

Nerea hakukumbuka mwaka.
Alikumbuka siki.
"Siki ile ya kachumbari," akasema,
"harufu ikanifuata hadi jikoni, wiki nzima sikugusa nyanya."
Tena dari ilikuwa na doa lenye umbo la mbuzi
naye alimhesabu mbuzi yule miguu
mpaka akaambiwa, haya, vaa.
Siki haibuniwi. Wala mbuzi.
Nikaenda kumtafuta kituoni:
mwaka wake ndio mwaka mto ulilala wodini.
Nilibandua kurasa kwa wembe.
Majina yote yalikuwa ziwa moja la bluu.
Kwa hesabu ya kompyuta, Nerea anakumbuka vibaya.

Mali bila daftari huisha bila habari,
tuliandikishwa hivyo darasa la sita, mwandiko mzuri, mara ishirini.
Hakuna aliyetuonya kuhusu daftari bila mali.

Maana Siprosa Abuto alisema la.
La kavu, akipepeta mchele, bila kuinua macho.
"Ningekumbuka. Mimi hata jino lililong'olewa
nakumbuka mvua iliyokuwa ikinyesha."
Na daftari, lililo kavu, lililo zima, likasema ndiyo:
Machi, tarehe thelathini, mstari wa kumi na saba,
Abuto S., miaka arobaini na moja. Hasi.
Ile S imelala ubavu kama paka juani.
Naijua.
Ndiyo niliyopigiwa viboko, mara ishirini, nisiinyooshe.

Lengo la mwezi lilikuwa arobaini.
Waliokuja walikuwa kumi na sita.
Mkubwa wa kituo hakusema andika.
Alisema tu gari la Kisumu litafika saa nane kuchukua ripoti,
akatoka kwenda kunywa chai.
Nikavuta daftari la chanjo za watoto,
nikashuka na majina ya mama zao,
nikiwaponya mmoja baada ya mwingine.
Hasi. Hasi. Mkono ulichoka, nikanyoosha vidole,
hasi.

Sasa nimekalia kigoda chake,
mchele unaruka na kutua, pumba zinapeperuka kwangu.
Fomu inataka nilinganishe alichosema na kilichoandikwa.
Vikitofautiana, weka alama:
*mhojiwa hana uhakika.*

"Mbona umenyamaza?" Siprosa ananiuliza. "Nimekosea?"
Halafu, kwa sauti ya mtu anayeongezea chumvi tu,
ananiambia kuhusu damu isiyofuata zamu yake,
mwezi wa tatu huu;
alidhani ni ujana unaaga.

Nageuza fomu. Upande wa nyuma ni mweupe.
Naandika jina langu,
kisha namba: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa,
mpaka arobaini.
S yangu inatetemeka lakini inasomeka.

"Hukukosea," namwambia.
"Weka uteo chini. Vaa viatu.
Nitakueleza njiani, na ukitaka kunitukana
tutasimama kwanza, unitukane,
halafu tuendelee."