Yamebaki 191

Jina: Yusta Eneliko Sanga.
Shule: ya kutwa.
Kidato cha sita, daraja la kwanza, pointi tano.
Mpaka hapo vidole vilikwenda vyenyewe.

Kisha fomu ya ufadhili ikauliza:
Eleza shughuli zako nje ya masomo,
uongozi, michezo, klabu, kujitolea.
Maneno yasizidi mia mbili.

Nje ulikuwapo ukungu wa Tandala,
ule unaoingia dukani bila hodi na kukaa kwenye benchi.
Osea Tweve wa steshenari akavuta koti lake,
akihesabu dakika zangu kwa shilingi.
"Andika ulikuwa mwenyekiti wa klabu ya mazingira," akasema.
"Wote nawaandikia hivyo. Nani atapanda huku kuhesabu miti?"

Kweli, nani atapanda.
Joseline, aliyesoma bweni Iringa, alipanda miti mitatu
akapigwa picha na kila mmoja;
kwenye ile ya pili ameshika jembe kama mwiko.
Ana cheti cha mdahalo, cha skauti,
cha kuhudhuria semina ya kujiamini.
Simchukii.
Lakini siku aliponionyesha nilizihesabu karatasi zake
kama mwenye njaa anavyohesabu matonge ya jirani.

Mimi kengele ya saa tisa na nusu ilinikuta mlangoni, mkoba mgongoni.
Mbio, mteremko, daraja la mbao, kona ya kanisa,
mpaka kwenye mashine yetu ya kusaga
na mkanda wake uliomla baba vidole viwili
Jumanne moja, mahindi ya watu yakiwa bado kinuni.
Tangu hapo yeye hupokea magunia. Kuwasha, nawasha mimi.

Dizeli iliyochakachuliwa naijua kwa harufu.
Chekeche likitoboka najua kabla unga haujasema:
sauti hupanda kidogo,
kama mtu anayetaka kupiga chafya.
Biolojia niliisoma kwa tochi, juu ya debe lililopinduliwa,
ukurasa mmoja, gunia moja;
mitokondria na dona viliingia kichwani pamoja
na mpaka leo sijavitenganisha.
Mwalimu wa netiboli aliniita mara mbili.
Niseme ukweli wote: hata ningepata muda,
netiboli sikuipenda.

Kuna daftari pia.
Mama Luvanda, debe moja, atalipa viazi vikitoka.
Mzee Mbwilo, nusu debe, asidaiwe, kafiwa.
Hilo "asidaiwe" niliamua mimi, nikiwa na miaka kumi na sita.
Baba akalisoma, akageuza ukurasa, hakusema kitu.
Huo ni uongozi? Au ni hasara?
Fomu haina mahali pa mwombaji kuuliza.

"Dakika kumi," Osea akasema, "na mtandao unataka kukata."

Nikaandika *Mwenyekiti*.
Lilikaa vizuri kwenye kioo,
limenyooka kama sare iliyopigwa pasi, sare ya mtu mwingine.
Nikalifuta herufi moja moja,
na kila herufi niliilipia.

Nikaandika:
*Nilisaga. Watu walikula. Daftari la madeni lipo, naweza kulileta.*

Chini yake, kwa herufi za kijivu, kompyuta ikajibu:
Umetumia maneno 9. Yamebaki 191.

Osea alicheka, kisha akaacha.
"Utakosa, Yusta," akasema,
akanirudishia mia mbili ambayo sikumwomba.

Huenda nitakosa.
Sijui nani atasoma, katika ofisi ipi, ameshiba au hajala.
Nilikuwa bado sijafika darajani
nilipoisikia mashine yetu ndani ya ukungu:
baba ameiwasha mwenyewe, kwa mkono wa vidole vitatu,
na sauti imepanda,
inataka kupiga chafya.

Chekeche.

Nikaanza kukimbia.