Umeshaingia

Saa kumi na mbili kasoro dakika nne, Shimanzi,
lango la ghala la chai.
Taa ya barabara ilikufa tangu Ramadhani
na mimi nimesimama mbele ya jicho jipya
lililopigiliwa pale alipokuwa akikaa Katana na daftari lake.

Sogea karibu, lasema.
Nasogea.
Ondoa kinachoziba uso.
Kinachoziba? Huo ndio uso.

Nyuma yangu akaja mgeni wa makao makuu,
miwani ya jua kipajini, simu sikioni,
hata hakuligeukia.
Mlango ukamfungukia kama pazia la kwao.

Zamu yangu tena. Jicho likazungusha kale kaduara kake,
likafikiri, kisha likaandika:
DAMA NZAI. JINSIA: ME. UMESHAINGIA.

Mimi ni Umazi Chengo.
Dama ni yule mrefu wa mizani, mwenye mwanya,
ana kovu la pasi mkononi, akicheka mabati yanaitikia,
na ni kweli yumo ndani.
Tunafanana kama kitunguu na kiazi.
Wala yeye si Me:
kitinda mimba wake bado ananyonya.

Basi kama nimeshaingia, nikaliambia jicho,
niite huko ndani nije nijifungulie.
Halikucheka. Walinzi wawili walicheka.

Sefu wa afisini akasema mtambo haukosei, dada,
umetoka ng'ambo.
Labda mwanga. Labda ujaribu poda.

Usiku ule, mbele ya kioo kilichopasuka pembeni,
nikajikuta naguna ubeti kama bibi yangu akitwanga:

Ewe jicho bila kope,
nipakae nini? Tope?
Au chokaa nyeupe,
ndipo unione mimi?

Jumatano nikaja na poda ya mtoto wa Dama,
mweupe hadi nyusi, nikipiga chafya.
KARIBU, UMAZI.
Palepale. Bila kaduara.
Macho hayana pazia, walisema wazee. Hili linalo,
na pazia lenyewe ni ngozi yangu.

Na kazi yangu humo ndani, mnaijua?
Kutazama weusi.
Trei thelathini mezani, majani makavu,
wewe ukipita utasema yote ni meusi, utaendelea na safari yako.
Mimi nitakwambia: huu wa Nandi una kutu kwa chini,
huu wa Kirinyaga unang'aa kama nywele zilizotiwa mafuta,
huu umechomwa kidogo, huu ulinyeshewa na wanaficha,
na hii miwili unayodhani ni mmoja
haijawahi hata kusalimiana.
Sikuzaliwa nalo jicho hili.
Nilipewa mwaka na nusu,
kila asubuhi trei nyeusi, nyingine nyeusi, nyingine tena,
na mama mmoja mkali akinipiga kidole cha mkono kila nikisema "ni ileile".

Jicho hujua kilichowekwa mezani.
Sasa hilo la langoni,
nani aliliandalia meza?
Aliweka trei ngapi za sisi?
Au alionja moja, akatema, akaandika "na kadhalika"?

Mwisho wa Novemba karatasi za mshahara zikatoka.
Umazi: siku kumi na moja.
Dama: siku arobaini na moja, katika mwezi wa siku thelathini,
kwa kuwa kila liliponihurumia lilinipitisha kwa jina lake.
Sefu aliitazama hesabu ile, akaigeuza, akaitazama kinyumenyume,
akasema ataandika barua pepe.

Dama hakuandika kitu.
Alitandaza leso juu ya magunia,
akahesabu noti, akilamba kidole,
akanisukumia fungu langu:
Haya, chukua. Ya yule mimi aliyekuwa wewe.

Kesho nitakuja bila poda.
Likikataa, nitasimama.
Nimekwisha kuagana na Dama: akiona saa imepita
atauacha mzani, aje mpaka nyuma ya mlango ule wa chuma,
aliite jina langu, langu mimi,
kwa lile koo lake linaloitikiwa na mabati.