Mguu wa Kwanza

Tulihamia tarehe ishirini na nane Desemba,
ghorofa ya tano, Kutaisi, jengo lenye lifti inayokula sarafu
na siku nyingine inakula halafu inagoma kupanda.
Godoro lilipita ngazini limejikunja kama mlevi,
wewe chini, mimi juu, nikikuelekeza kwa kukosea.

Ukutani wapangaji wa zamani wameacha vivuli vya picha zao:
miraba minne iliyofifia, na duara moja.
Saa, ulisema. Kioo, nikasema mimi.

Mti wetu wa Noeli si msonobari. Ni chichilaki,
ufito wa mti wa hazeli uliochongwa, ukachongwa,
hadi nyuzi zake zikaning'inia kama ndevu za babu.
Tuliusimamisha ndani ya sufuria la supu,
maana vyungu vilikuwa katika boksi lililoandikwa "vitabu".

Kwetu mwaka hauingii wenyewe. Huingizwa.
Atakayevuka kizingiti kwanza, huyo ndiye mwaka:
mguu wake ukiwa mwepesi, nyumba itacheka miezi kumi na miwili;
ukiwa mzito, basi.
Tukamwalika mapema Mjomba Anzori,
mtu ambaye akipita tu karibu na zizi ng'ombe huzaa pacha,
ashuke kutoka Oni na peremende mfukoni.
Saa tatu asubuhi akapiga simu: theluji imefunga njia.
Alikuwa anacheka. Divai alikwisha kuianza.

Tukafunga mlango, asiingie mtu.
Uliwaza kutoka kisha urudi, uwe mgeni wa nyumba yako;
nikakuambia mguu wako naujua,
umevunja vikombe viwili tangu Jumatatu.

Ndipo mlango ukagongwa. Si kugongwa, kupigwa.
Bi Tsiala wa ghorofa ya nne,
koti juu ya nguo ya kulalia, ndoo mkononi,
kandambili zimelowa chepechepe:
"Bomba lenu linanyesha kitandani kwangu!"
Kabla hatujafumbua midomo alikwishaingia,
akashika njia ya jikoni bila kuuliza.
Nyumba zote za jengo hili ni pacha.

Mimi nilikuwa naitazama miguu yake.
Wa kulia, nikakunong'oneza. Ametanguliza wa kulia.
Ukabeba sahani ya kashata za jozi na asali
ukamfuata nayo hadi chini ya sinki,
alikopiga magoti akikaza nati kwa spana yetu,
akitulaani, sauti ikififia pamoja na maji.
Akageuka. Akaiona sahani. Akaziona nyuso zetu.
"Ole wenu," akasema. "Ni mimi?"
"Ni wewe."

Akaipindua ndoo, akaikalia,
akatafuna polepole, upande wenye meno.
"Mume wangu alikufa Machi," akaiambia kashata.
"Tangu hapo hakuna anifunguliaye siku kama hii.
Wanauogopa mguu wangu."
Ukamwongeza nyingine. Hukusema neno,
na hapo ndipo nilipokupenda upya, Vakho,
wewe na kola yako yenye ganda la yai.

Tarehe saba Noeli ikafika. Ulikanda mkate wa kwenu Guria,
umbo la mwezi mwandamo, yai zima limelala ndani,
mama yako akifoka kwenye simu iliyoegemezwa juu ya unga.
Uliungua pembe moja.
Bi Tsiala akaidai pembe hiyohiyo.
Nilimuuliza kuhusu lile duara ukutani;
amekaa hapa miaka thelathini na tisa.
Akalitazama kwa muda.
Hakumbuki, alisema.

Mkesha wa Epifania tukauchoma mti barazani,
na mabaya ya mwaka yaende na moshi, ndivyo isemwavyo.
Ndevu ziliwaka mara moja, fyuu, hata viganja havikupata joto.
Majivu tuliyakinga kwa ndoo yake.

Ndoo ingali hapa, nyuma ya mlango.
Hatujamrudishia,
naye akija, na huja, haiulizii.