Mizani

Wateja wa studio yetu huuliza swali moja:
"Itachukua muda gani?"
Na mimi, miaka mitatu, nilijibu, "Sasa hivi,"
jibu la Mombasa nzima, lisilo na saa ndani yake.

Ndipo usiku mmoja, hapa Kibokoni,
duka limefungwa, feni inazungusha hewa ile ile,
nikaandika programu, mistari mia mbili na kitu,
ya kupima kila filta inakula muda gani:
ya ukungu, ya kunoa kingo, ya kufuta madoa,
na ile ya kung'arisha ngozi, ambayo maharusi hawaikosi.

Nikaiita Mizani.
Baba, fundi wa kanzu, alihesabu mizani za mashairi yake
kwa pini juu ya meza, nane huku, nane kule;
ikizidi moja alitoa neno zima
kama anayefumua mshono uliopinda.
Pini zangu mimi ni milisekunde.

Pigo la kwanza halihesabiwi.
Mashine bado inatafuta vitu vyake;
ni kibibi cha kwanza, kile kinachoshika chuma
na kuliwa na mpishi mwenyewe, kimya kimya.
Ukipima mara tisa, usichukue wastani:
kuna kitu huamka ndani ya kompyuta, kikapiga miayo,
kikaharibu hesabu ya wenziwe.
Zipange kwa urefu, uchukue ya katikati.
Na usichapishe namba kwenye skrini huku unapima,
kwani kuchapisha nako kuna muda wake,
kidole chako mwenyewe kwenye sahani ya mizani.

Joto ndilo lililoninyima usingizi.
Picha moja, ukungu ule ule:
saa nane usiku, sekunde nne nukta tisa;
saa saba mchana, mwezi wa pili, saba nukta mbili.
Nikadhani nimekosea. Nikafungua kifuniko,
nikapuliza vumbi, nikapima tena.
Saba nukta mbili.
Mashine nayo, jua likiwa kali, hupunguza mwendo.
Nikaongeza safu kwenye jedwali: joto la chumba.

Ya kung'arisha ndiyo nzito, sekunde kumi na moja.
Niliijaribu kwa uso wa Shamsa, mweupe,
wa Kadzo, mweusi tii, na wangu wa maji ya kunde.
Namba haikutikisika.
Bwana Salmin, mwenye studio, alitazama jedwali,
akakuna kidevu:
"Hiyo ya kumi na moja tuitoze zaidi."

Nikabandika ukutani, kwa heshima ya baba:

*Ukungu sekunde nne, mteja kaa tulia,*
*Madoa sekunde nane, kahawa itasalia,*
*Kung'arisha tuonane, kumi na moja yangia,*
*Ila umeme ukane, hapo usijenijia.*

Jana akaja Bi Mwanasiti
na picha ya mlango wa kwao, ulioliwa na mchwa
kabla haujauzwa vipande vipande.
Anataka madoa yatoke, nakshi zionekane.
"Itachukua muda gani?"
"Sekunde kumi na tisa, kwa joto hili."

Akavua viatu, akaketi chini ya feni,
akaanza kunihesabia waliotokea mlango ule:
jeneza la babu yake, kasha la mahari,
nduguye Athmani na sanduku la bati, asirudi tena,
yeye mwenyewe, miaka tisa, buibui la kuazima —

Skrini ikanyamaza. Kumi na nane nukta saba.
Mlango ulikuwa mpya, kila ua na kila mnyororo,
na yeye alikuwa bado kizingitini, mguu mmoja nje.

Nikaigeuza skrini upande wangu kidogo.
Nikabonyeza Rudia.
Mara tisa.