Futi ya Cherehani

Dalali alianza na injini. Nikamwambia: fungua buti.
Akamtazama Evarist. Evarist akatazama viatu vyake.
Buti likafunguka.

Ilikuwa yadi ya Vingunguti, saa sita, bati linachoma.
Nikaitoa futi shingoni, ile ile ninayopimia
viuno vya mabibi harusi wa Tabata,
nikazama nusu mwili nyuma ya gari.
Upana: inchi arobaini na moja.
Kina, viti vikiwa wima: thelathini na mbili.
"Vilaze," nikasema, na vikalala
kama watoto waliochoka kubishana:
sitini na sita, na chenji.

Kiti cha magurudumu cha mama mkwe kikikunjwa
ni inchi kumi na mbili. Kitaingia.
Na marobota mawili ya vitenge.
Na mkungu unaotumwa kutoka Muleba kila Desemba,
ukilazwa.
Hayo ndiyo mahesabu yangu. Nguvu za farasi
waulizwe farasi.

"Wavu wa kuzuia mizigo?"
Ulipotelea melini, akasema dalali.
Nikasema nitashona mwenyewe.

Ndani mlinuka nchi ya watu:
sabuni, plastiki, baridi ya zamani.
Funguo ilipozungushwa gari likasema neno la Kijapani,
kwa adabu, sauti ya dada wa mapokezi.
Sisi wakubwa tukakosa jibu.
Koku, miaka sita, akaitikia: "Marahaba."

"Mifuko ya hewa iko saba, mama,"
na dalali akagonga usukani, dashibodi, ubavu, dari,
mpaka chini, pale goti la dereva linapokaa.
Nimeshona mifuko tangu nina miaka kumi na tisa:
ya kaunda suti, ya sare za shule,
mfuko wa siri ndani ya sketi ya mama muuza dagaa.
Kila mmoja niliushona ujae.
Hii saba nimeilipia kwa pesa ya kikoba
nikiomba ibaki mitupu mpaka gari life.

Wiki ya kwanza niliweka cherehani kiti cha mbele.
Gari likalia, ti, ti, ti. Lilidhani ni mtu.
Nikamfunga mkanda, mzee wa chuma,
tukaenda hivyo hadi Buguruni,
yeye kimya, mimi kimya, taa ya onyo imezimika.

Mtu mwenyewe ndiye aliyekataa.
"Mimi si mbuzi wa sikukuu," alisema Ma Kagemulo
kiti cha kati, mikono juu ya mkoba.
"Nimebeba watoto saba mgongoni.
Nani alinifunga mimi?"
Siku nne tulibishana kabla ya kliniki.
Ya tano nikanyamaza, nikaupitisha mkanda begani pake
kama ninayepima blauzi.
"Unabana."
Nikaulegeza vidole viwili.

Mandela, kabla ya mataa ya Tazara,
lori la kontena lilisimama bila kuaga.
Evarist akakanyaga.
Breki zikadunda chini ya wayo wake,
kushika, kuachia, kushika, kuachia,
sindano ikipita kwenye jinzi.
Mikanda ikatuvuta wote kwa pamoja.
Kitu kimoja tu ndani ya gari kilikuwa hakijafungwa:
papai la Koku, kule buti.
Likapita juu ya vichwa vyetu, likapasukia dashibodi,
juu ya jina la yule aliyetengeneza redio.

Honi nyuma. Bodaboda wakatupita wakichungulia.
Nikageuka kuhesabu nyuso.
Koku alikuwa analilia papai.
Ma Kagemulo alikuwa anatazama lile lori,
namba zake za nyuma, moja moja,
kama anayesoma barua.

Kisha, bila kunigeukia:
"Hebu uvute huu. Umelegea."

Mbegu bado naziokota kwenye zulia.
Wavu nimeshaukata, kitambaa cha chandarua kigumu,
inchi arobaini na moja.
Umening'inia mlangoni, haujapindwa.
Wateja wa Pasaka wamejaa,
na mimi ni fundi,
na nguo ya fundi mnaijua.