Kikombe cha Kupimia

M'Rhugenda, jirani, ulisema ni karuho.
Ulisema kuna mkono uliomtilia Cishugi sumu,
na mimi, ninayeishi Kadutu tangu niolewe,
nikaanza kuwahesabu wanaonidai.

Mtoto alikunywa maji kama udongo wa kiangazi.
Bidoni niliyoipandisha mlima alfajiri
haikufika adhuhuri.
Usiku anaamka kukojoa mara nne, mara tano.
Anamaliza bugali na sombe, anafuta sahani, anaomba tena,
na mbavu zinazidi kujitokeza
kama fito za nyumba isiyokandikwa.

Tulimpeleka kwa yule wa kutapisha.
Akatapika majani, akatapika povu.
Sumu haikutoka kwa sababu haikuingia.
Ikabaki pumzi: nzito, ya mbio,
yenye harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi.
Zihindula wa pikipiki aliisikia.
"Mama, panda." Hakutaja bei.

Muuguzi wa zamu, Nabintu, alimchoma kidole.
Tone dogo kuliko punje ya ulezi.
Kikaratasi kikalinywa, kimashine kikafikiri:
mia nne themanini na sita.
Nikauliza, franka?
"Sukari," akasema. "Iliyomo ndani ya damu."

Mimi nauza sukari, M'Rhugenda. Unanijua.
Kikombe cha kujaa, kikombe cha kusawazisha kwa kiganja,
miaka kumi na saba napimia watu utamu.
Nikadhani ni gunia langu limemuangusha,
kwamba alilamba vidole vyangu.

Nabintu akatikisa kichwa.
Askari wa mwili wake, alisema, wamegeuka,
wamelishambulia kongosho linalotengeneza insulini.
Hakuna aliyewatuma.
(Sisi wa Bukavu, askari waliogeuka hatuhitaji kuelezwa.)
Na insulini ni kibarua:
ndiye anayetoa gunia barabarani kuliingiza nyumbani.
Asipokuwapo, magunia yanarundikana njiani
na ndani watu wanakufa njaa.

Kisha akaangalia mguu wangu,
kidonda nilichokilaumu kiatu,
vidole ambavyo siku hizi havisikii jiwe.
"Wewe, mama, kesho uje kabla ya kula."
Mia mbili kumi na nne.
Akanirudisha siku nyingine. Kipimo hakikubadili maneno.

Kwangu vibarua wapo, ila milango imekuwa migumu
na wenyewe wamechoka kugonga.
Kumbe jina moja, magonjwa mawili.
Na lipo la tatu, la wajawazito:
mara nyingi huondoka mtoto akizaliwa,
lakini huacha anwani.

Cishugi anachomwa sindano kila siku, tumboni, pajani,
maisha yake yote; ana miaka tisa
na ameshajifunza kujichoma bila kufumba macho.
Mimi nameza vidonge na chakula,
napunguza bugali, naongeza lenga-lenga,
na kila jioni nakagua nyayo zangu kama anayetafuta funza.
Nimeambiwa nitembee. Nilicheka:
Kadutu nzima ni ngazi!

Umeme ukiwepo ni bahati, basi chupa yake ya insulini
inalala katika chungu ndani ya chungu,
mchanga mbichi katikati.
Naumwagilia asubuhi na jioni kama kitalu.

Kuna siku inashuka badala ya kupanda.
Anatetemeka, jasho la baridi, maneno yanamponyoka,
na hapo nakimbilia gunia lile lile,
kijiko katika maji, kunywa, mwanangu, kunywa.
Sukari ile ile.
Bado sijui niipende au niichukie.

Jana ulikuja kununua kikombe kimoja.
Ukaomba maji, nikakupa; ukaomba tena.
Ukauliza kwa sauti ya chini
ni mganga gani aliyetutoa karuho.

Kaa hapa, M'Rhugenda. Weka kikombe chini.
Usiku wa leo umeamka mara ngapi?