Kiatu Kinasemaje

Kila alfajiri, kabla sijainjika chai,
naijulia ardhi hali kama mgonjwa wa jirani:
umelalaje? Umekunywa? Ulitoka jasho usiku?
Kisha naandika kwa simu, kwa Elirehema aliye mjini:
Kahe, upande wa reli. Wingu: robo. Nyasi: gotini.
Udongo unashika kiatu lakini haukivui.

Hayo ya kiatu hayamo kwenye fomu.
Fomu ina visanduku vitatu: kavu, unyevu, maji yametuama.
Siku ya kwanza Elirehema alicheka.
Siku ya pili akapiga mwenyewe:
"Leo kiatu kinasemaje?"

Tuko thelathini na mmoja, hatulipwi.
Tulipewa kofia na soda kwenye ukumbi wa kata.
Shafii wa Chekereni hukagua mifereji akienda shule.
Mama Ndewiro wa Uru, huko juu,
ana neno moja mwaka mzima: Imefunika.
Mgomba haupukutishi, anasema;
anayetaka kuiona ardhi yetu na apande, avue viatu.

Na ndege inasubiri uwanjani.
Ina jicho tumboni, jicho lenye kuchagua:
halitaki wingu, halitaki majani mengi,
halitaki maji yanayong'aa kama kioo cha kinyozi,
na moshi ndio halitaki kabisa.
Nayo miwa inachomwa, na mji wenyewe unaitwa Moshi.
Wiki tatu Elirehema akatutumia neno lile lile:
Bado.

Jumanne moja, Januari ikiishia, goti liliniuma.
Nikachungulia dirishani.
Vumbi lilikuwa limelala uani,
mgunga umebaki miiba mitupu,
nikaandika nikiwa ndani ya blanketi: Kavu.
Sikuvuka reli. Sikufika kwa Naghenjwa,
ambako mfereji ulipasuka usiku
na shamba zima limejilaza majini kama nyati.

Saa nne ikapita.
Ikaenda, ikageuka, ikarudi sambamba na njia yake,
kama fundi anayepiga pasi shuka la harusi.
Watoto walipunga mikono.
Mimi pia nilipunga, Mungu anisamehe.

Masika yalipokatika ramani ikabandikwa ofisi ya kata.
Niliona paa langu, dogo kuliko ukucha.
Niliona choo, nikaona aibu.
Niliona reli, uzi mweusi ulionyooka,
na ng'ambo yake, buluu.
Ndani ya buluu pameandikwa: Kinamasi.

Naghenjwa alikuwa nyuma yangu na kapu lake la sokoni.
Alisoma kwa kidole, herufi kwa herufi.
"Kumbe nimelima kinamasi miaka kumi na tisa,"
akasema, "na mahindi hayakuniambia."
Hakuwa na hasira. Hasira ingekuwa nafuu.

Nilikiri kwa Elirehema. Alinyamaza, nikasikia feni ya ofisini.
Akasema ataandika barua, rangi hubadilishwa,
ila ndege hairuki tena mpaka mwakani.
Mwakani ni mbali
kwa mwanamke aliyekwishapeleka karatasi za mkopo benki.

Sasa navuka reli kwanza, chai baadaye.
Nina fimbo niliyoitia alama kwa rangi ya kucha ya binti yangu.
Naghenjwa hunikuta kwenye mfereji, jembe begani.
Hasemi mengi. Nachoma fimbo,
naye ndiye huinama kusoma, hanipi nafasi.

Leo: ukungu, mlima hauonekani. Nyasi: kiunoni.
Ng'ambo ya reli, kwa Naghenjwa Msangi: unyevu, alama ya pili,
amehakiki mwenyewe.
Kiatu cha kushoto kimebaki shambani.
Narudi kukichukua.